Injini Nayo Yataka Hewa Baridi

Tangu alfajiri hadi jioni magari hupanda na kushuka katika barabara itokayo Nyabugogo, jijini Kigali, ipitayo Gatsata na kuelekea kaskazini Gicumbi hadi mpaka wa Gatuna. Malori ya shehena, mabasi ya abiria na pikapu za viazi na maziwa hukutana na vilima vile vile. Na dereva ambaye gari lake halipandi tena kama zamani hana haja ya kwenda mbali kutafuta tiba, kwa maana Gatsata yenyewe, ambayo ni mojawapo ya sekta za wilaya ya Gasabo, inajulikana mji mzima kuwa ni mtaa wa mafundi. Hapo pana gereji, wauza spea, wachomeleaji na wapiga rangi.

Malalamiko ya madereva huwa ni mamoja: "Gari halina nguvu." Lakini ushauri anaoupata mtu huwa wa kila namna. Mmoja humwambia aondoe kasha la chujio la hewa afunge chujio la wazi. Mwingine humwambia azungushe bomba la mafuta katika kopo la barafu. Wa tatu humwonyesha kijidude cha umeme ambacho, kwa maelezo yake, huifanya injini idhani kwamba iko mahali penye baridi kali. Wote watatu hutoa sababu moja, ya kwamba hewa baridi na mafuta baridi huongeza nguvu za gari.

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ni rahisi kumpoteza mtu. Kwa familia inayoishi kwa pikapu moja, iwe ni ya askari aliyestaafu au ya mfanyabiashara mdogo, fedha zitakazotolewa kwa jambo lisilofaa ni karo ya mtoto iliyopotea. Hapana budi, basi, mwenye gari aelewe jambo lenyewe kabla ya kufungua mkoba.

INJINI HULA HEWA

Watu wengi hudhani kwamba chakula cha injini ni mafuta peke yake. La hasha. Mafuta hayawaki bila ya hewa, na kiasi cha hewa kinachotakiwa ni kikubwa mno. Lita moja ya petroli huhitaji karibu kilo 11 za hewa ili iungue sawasawa. Katika mwinuko wa Kigali, kilo hizo 11 ni sawa na lita 11,000 hivi za hewa. Injini ni pampu kubwa ya hewa kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Sasa silinda ya injini ina ujazo wake uliopimwa kiwandani, nao hauongezeki. Kila pistoni inaposhuka huvuta ujazo ule ule wa hewa. Lakini hewa yenye joto hutanuka na kuwa nyepesi, ilhali hewa baridi hujikusanya na kuwa nzito. Kwa hiyo silinda ile ile ikivuta hewa baridi hupata uzito mkubwa zaidi wa hewa, na mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua humo. Hiyo ndiyo siri yote.

Kipimo chake ni rahisi kukumbuka. Katika joto la kawaida, hewa ikipoa kwa nyuzi 3 za Selsiasi, uzito wake katika ujazo ule ule huongezeka kwa takriban asilimia 1. Hewa ya nyuzi 60 ikipozwa hadi nyuzi 30 huwa nzito zaidi kwa karibu asilimia 10.

Hata hivyo nguvu za injini haziongezeki kwa kiasi hicho chote. Hewa ikishaingia hupashwa joto tena na kuta za njia zake na za silinda, na sehemu ya faida hupotea. Kwa injini ya petroli isiyo na tabo, faida inayobaki ni karibu nusu tu. Yaani zile nyuzi 30 zilizopunguzwa zitaleta nguvu zaidi kwa takriban asilimia 5. Gari la nguvu za farasi 100 litapata 5 za nyongeza. Si haba wakati wa kupanda kilima na mzigo, lakini si muujiza.

KIGALI IKO JUU

Msomaji wa Rwanda ana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Kigali iko katika mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua mgandamizo wake. Katika mwinuko huo mgandamizo huwa umepungua kwa karibu moja ya sita ukilinganishwa na pwani. Huko Byumba, ambako ni zaidi ya mita 2,000, upungufu hupita moja ya tano.

Lori lisilo na tabo linalotoka bandari ya Dar es Salaam na kuingia Rwanda kwa daraja la Rusumo limekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake kabla halijafika Kigali, ijapokuwa hakuna kilichoharibika. Dereva mgeni huweza kumlaumu fundi wake bure.

Lakini milima hiyo hiyo iliyochukua, hurudisha kidogo. Joto la wastani la Kigali ni kama nyuzi 20 au 21, wakati pwani hewa hufika nyuzi 30 kwa urahisi. Ubaridi huo hufidia sehemu ndogo ya upungufu, hata hewa ya Kigali ikawa pungufu ya ile ya pwani kwa uzito wa asilimia 14 hivi.

Hapa ndipo penye hasara isiyoonekana. Injini ya Kigali ikiachwa ivute hewa ya nyuzi 60 kutoka chini ya boneti badala ya hewa ya nje, upungufu ule wa asilimia 14 hugeuka kuwa karibu asilimia 24. Mwinuko hauwezi kuondolewa na fundi yeyote, bali joto la boneti laweza.

PUA YA GARI

Watengenezaji wa magari walilijua jambo hili tangu zamani. Ndiyo maana magari mengi yana bomba la plastiki au la mpira linalotoka kwenye kasha la chujio la hewa hadi mbele, karibu na taa au nyuma ya grili, mahali ambapo hewa ya nje huingia kabla ya kupita kwenye rejeta. Bomba hilo ndilo pua ya gari.

Katika magari yaliyotumika miaka mingi, pua hiyo mara nyingi imevunjika au imetoweka kabisa. Pengine gari liligongwa mbele, likanyooshwa na kupakwa rangi, lakini bomba halikurudishwa kwa sababu gari lilikuwa likiwaka bila ya bomba hilo. Tangu siku hiyo injini huvuta hewa iliyopita kwenye rejeta na juu ya bomba la moshi.

Kuna jambo jingine linalohusu magari ya zamani yenye kabureta. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta huchukua joto nyingi, hata katika nchi za baridi barafu huweza kufanya ndani yake. Kwa sababu hiyo magari mengi ya Ulaya na Japani ya miaka ya 1970 na 1980 yaliwekewa kilango kwenye mdomo wa kasha la chujio, ili wakati wa majira ya baridi injini ivute hewa ya moto kutoka karibu na bomba la moshi. Kilango hicho kikishika kutu na kubaki upande wa baridi ya Ulaya, gari litapumua hewa ya moto mchana kutwa chini ya jua la Afrika. Mwenye gari la namna hiyo akitazame. Huenda tiba yake ni tone la mafuta na kusukuma kwa kidole.

Madereva wa jeshi na polisi nao wana somo lao. Gari linalosimama muda mrefu juani huku injini ikiunguruma hupashwa joto chini ya boneti mpaka bomba la hewa lenyewe linakuwa la moto. Likiondoka ghafla huonekana zito kwa dakika za mwanzo, kisha hurudia nguvu zake upepo unapoingia. Huo si ugonjwa, na hauhitaji kubadilishiwa kitu chochote.

TABO NA KIPOZA HEWA

Habari hubadilika katika injini zenye tabo, yaani kile kipangaboi kinachozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Malori mengi ya siku hizi na magari mengi ya dizeli yanayo.

Kila aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba pampu hupata moto. Hewa inayogandamizwa hupata joto. Tabo inayogandamiza hewa maradufu huweza kuitoa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 110. Hewa hiyo ikipitishwa kwanza katika kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula na ambacho kwa sura hufanana na rejeta, ikashuka hadi nyuzi 50, uzito wake huongezeka kwa karibu asilimia 20. Faida hii ni kubwa, wala hakuna hila ya barabarani inayoweza kulingana nayo.

Jambo hili liliwahi kuamua hata mambo ya vita. Mwaka 1942 Uingereza ilianza kutumia ndege za Spitfire Mark IX zenye injini ya Rolls-Royce Merlin yenye mapanga mawili ya kusukuma hewa, moja baada ya jingine, pamoja na kipoza hewa kwa ajili ya joto hilo. Kwa njia hiyo ndege iliweza kupigana juu sana, mahali ambapo hewa ni haba. Wajerumani nao walizipa baadhi ya ndege zao mchanganyiko wa maji na pombe ya methanoli uliorushwa ndani ya injini, ili kupoza hewa kwa muda mfupi. Rubani alipata nguvu za ziada kwa dakika chache za hatari, wala si kwa safari nzima.

Lakini kipoza hewa kilichozibwa na matope, majani na wadudu hakipozi kitu. Hali kadhalika mpira wake ukipasuka, au klipu ikilegea, hewa iliyogandamizwa kwa taabu hutoka nje. Dalili zake ni mluzi wakati wa kukanyaga mafuta, moshi mweusi na uzito kilimani. Mara nyingi dereva wa gari kama hilo huambiwa kwamba tabo imekufa, akanunua nyingine kwa fedha nyingi, kumbe ilitakiwa klipu moja.

JE, MAFUTA NAYO?

Mafuta pia hutanuka kwa joto, lakini kidogo sana. Dizeli ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hupungua uzito wake, katika ujazo ule ule, kwa asilimia 0.8 hivi. Petroli hupungua kwa asilimia 1 hivi.

Katika injini za zamani za dizeli, pampu hupima mafuta kwa ujazo. Basi dizeli ikipanda joto kwa nyuzi 50, injini hupata uzito pungufu kwa asilimia 4, na dereva huweza kuuhisi upungufu huo kilimani wakati tangi limebaki na mafuta machache yaliyozunguka na kurudi yakiwa ya moto. Dawa yake haina gharama: asingojee tangi likauke. Injini mpya zenye kompyuta hupima joto la mafuta na kurekebisha zenyewe, na baadhi yake zimekwisha kuwekewa kipoza mafuta kiwandani.

Kwa petroli, hatari kubwa si uzito bali mvuke. Mahali pa juu kama Kigali vitu vya majimaji huchemka kwa joto dogo kuliko pwani. Katika gari la kabureta, petroli huweza kuchemka ndani ya bomba karibu na injini, mapovu yakazuia mafuta, na gari likazimika. Madereva wa zamani walijua kufunika pampu kwa kitambaa chenye maji. Tiba ya kudumu ni kuliweka bomba la mafuta mbali na bomba la moshi.

Wako wanaotoa ushahidi wa mashindano ya magari ya Formula 1. Ni kweli kwamba mwaka 1984 timu zilipoza petroli kwa baridi kali. Lakini sababu yake ilikuwa sheria ya mwaka huo iliyoruhusu lita 220 tu kwa shindano zima bila ya kuongeza njiani. Petroli iliyopozwa ilijikusanya, na uzito mkubwa zaidi ukaingia katika tangi lile lile. Shabaha yao ilikuwa kumaliza shindano kabla mafuta hayajaisha. Mwenye pikapu ya viazi hana shida hiyo, kwa kuwa vituo vya mafuta viko njiani.

Vivyo hivyo na ile imani ya kujaza petroli alfajiri ili kupunja kituo. Matangi ya vituo yamefukiwa ardhini, ambako joto la mchana na la usiku halitofautiani sana. Faida yake haifiki hata bei ya usingizi uliokatishwa.

HILA ZA KUEPUKA

Kwanza ni lile chujio la wazi linalofungwa chini ya boneti. Hunguruma vizuri, na mngurumo humfanya dereva aamini kwamba gari limepata nguvu. Kwa hakika limevuliwa pua yake, na sasa linavuta hewa ya moto.

Pili ni kile kijidude cha umeme, ambacho aghalabu ni rizista ya bei ndogo. Huidanganya kompyuta ya gari kwamba hewa ni baridi, nayo huongeza mafuta. Lakini hewa yenyewe haijapoa wala haijaongezeka. Kinachoongezeka ni mafuta yanayopotea, na masizi.

Tatu ni bomba la petroli katika kopo la barafu. Barafu huyeyuka kabla ya kufika kilima cha pili, na kila kiungo kilichokatwa na kuunganishwa kwa mkono ni mahali ambapo petroli inaweza kuvuja juu ya injini yenye moto. Faida ni karibu na sifuri, na hasara yaweza kuwa gari zima pamoja na waliomo.

Nne ni kushusha mdomo wa bomba la hewa chini kabisa, karibu na barabara, kwa kutafuta ubaridi. Wakazi wa Nyabugogo wanajua maji yanavyofurika huko wakati wa masika. Maji hayagandamiziki kama hewa. Yakivutwa ndani ya silinda, pistoni huyagonga kama ukuta, mkono wake ukapinda, na injini ikafa papo hapo. Mdomo wa pua ya gari uelekee mbele, lakini ubaki juu.

KAZI YA JUMAMOSI MOJA

Mwenye gari anayetaka nguvu alizoziuza mwinuko na uzembe aanze na mambo yasiyo na gharama. Asubuhi, injini ikiwa imepoa, afungue boneti na kufuata njia ya hewa kwa mkono kutoka mbele hadi kwenye injini. Bomba lililokosekana litafutwe kwa wauza spea. Hata lililotumika hufaa iwapo halikupasuka. Chujio la hewa litolewe na kutazamwa kwenye mwanga, na likiwa limejaa vumbi libadilishwe. Kilango cha hewa ya moto, kama kipo, kisukumwe upande wa hewa ya nje.

Penye tabo, kipoza hewa kisafishwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa ndani kuelekea nje, kwani maji makali hulaza mapezi yake. Klipu zote zikazwe, na mipira ikunjwe kidogo ili nyufa zionekane.

Baada ya hapo gari lipimwe. Lichukue mzigo ule ule, kwa gia ile ile, katika kilima kile kile, na abiria ahesabu sekunde kwa saa kutoka nguzo moja hadi nyingine. Dereva afanye hivyo kabla ya matengenezo na baada yake, siku zenye hali ya hewa inayofanana. Masikio na hisia hudanganya, saa haidanganyi. Na anayeuza kijidude cha kuongeza nguvu aombwe akubali kupimwa kwa njia hiyo hiyo kabla ya kulipwa.

Tena ifahamike kwamba hewa zaidi hudai mafuta zaidi. Anayepata nguvu mpya na kuzitumia zote kwa kukanyaga hadi chini asishangae kuona tangi linakauka haraka. Mafuta ya Rwanda husafirishwa kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na mwendo huo mrefu umo ndani ya bei ya kila lita. Nguvu za ziada zitumike pale zinapohitajika: kulipita lori bovu kwa usalama, au kupanda na mzigo bila ya kuichosha injini.

Fundi mwema wa Gatsata, au wa mji mwingine wowote, hujulikana kwa swali lake la kwanza. Fundi anayeanza kwa kufungua boneti na kuuliza, "Pua ya gari hili iko wapi?" anastahili kupewa kazi. Anayeanza kwa kutaja bei ya kijidude, mwenye gari amshukuru kwa heshima, ageuze gari, na fedha azirudishe nyumbani.